Mimi wa Baba, Nasra wa Mama

Jumapili, 13 Julai

Baba kaja asubuhi. Kasimama getini, pikipiki inaunguruma, kanipa viatu vya shule. Vya ngozi kweli! Pea moja. Mama Thobias, jirani yetu wa chumba cha pili, alikuwa anafua uani. Akasema haya Nasra, vyako viko wapi? Utani tu. Baba akajifanya anaangalia tairi. Nasra akacheka, akaingia ndani kujilaza. Tumbo linamuuma tangu jana.

Nimevijaribu kitandani. Nikamwambia tuvae kwa zamu, mguu wetu si ni mmoja? Sisi mapacha kila kitu chetu ni kimoja, hata walimu wa madrasa walikuwa wanatuchanganya. Akasema shuleni kwao viatu vile vitamletea balaa. Akageukia ukutani.

Mwaka wa tatu huu na bado sijazoea. Baada ya talaka walikaa kikao kwa Mjomba Mwinshehe kule Mkuyuni. Baba akasema mshahara mmoja hauwezi kulisha nyumba mbili. Watoto wawili, wazazi wawili, kila mtu abebe wake — ada, nguo, matibabu, kila kitu. Halafu akaninyooshea mimi kidole. Nasra anadhani nilipendwa zaidi. Kupendwa gani! Nilikuwa nimekaa upande wake wa mkeka. Basi.

Wote tunaishi kwa Mama. Chungu kimoja, kitanda kimoja. Asubuhi ndipo tunapoachana. Mimi nachukuliwa na basi la shule, Nasra anatembea mpaka shule ya kata.

Jumatatu, 14 Julai

Nasra hajaenda shule. Katapika chai. Mama kampa vidonge vya duka la dawa, kasema ni vidonda vya tumbo, huyu mtoto anakaa na njaa mno. Halafu akakimbilia kwenye biashara yake sokoni. Malori ya Mgeta yalikuwa yameshashusha, na karoti hazimsubiri mtu.

Basi lilipokuja nimemwacha kajikunja, magoti kifuani. Nimepanda. Hesabu ya leo sikuelewa hata moja.

Jumanne, 15 Julai

Zahanati wamembonyeza upande wa kulia, kapiga yowe. Wakasema inaweza kuwa kidole tumbo, mpelekeni hospitali haraka, huenda akapasuliwa. Mama akauliza gharama. 

Kafika nyumbani, kampigia Baba. Nilikuwa mlangoni, na simu ya Mama inasikika mpaka nje. Baba hakufoka. Hilo ndilo lililoniuma — aliongea taratibu kabisa. Tuligawana, Semeni. Shadia akiumwa nakusumbua? Hata kwenye bima nafasi zimejaa. Mke, mtoto mchanga, wazee wangu wawili, Shadia. Nimtoe nani?

Mama akasema huyu naye ni damu yako, Sufiani.

Baba akasema ongea na kaka yako. Si ninyi Waluguru mnasema mtoto ni wa ukoo wa mama? Kwenye raha ni wenu, kwenye shida ni wangu?

Mjomba naye kapigiwa. Hana fedha mkononi. Ana mbuzi, atamtafutia mnunuzi, lakini mpaka siku ya gulio. Mama akasema sawa kaka. Akakaa na simu mapajani.

Nasra kasikia yote. Chumba kimoja, utamficha wapi mtu?

Jumatano, 16 Julai

Sijaenda shule.

Asubuhi Nasra alikuwa wa moto, tumbo gumu kama ubao. Mama akachukua begi langu, akalimwaga kitandani. Nikadhani anatafuta nauli. Akatoa kadi yangu ya bima. Akaiangalia picha. Akamwangalia Nasra. Akaniangalia mimi.

"Shadia mwanangu, utanisamehe."

"Kwa lipi, Mama?"

Akamwinamia Nasra. "Unanisikia? Kuanzia sasa hivi unaitwa Shadia. Shadia Sufiani."

Nasra akafumbua macho. "Na yeye?"

"Yeye atakuwa wewe."

"Wakiniuliza shule?"

"Taja ya mwenzako."

"Mwalimu wa darasa?"

Hilo nikalijibu mimi. Mwalimu Abel, nikamwambia, Kidato cha Pili B. Akarudia, midomo imekauka. Abel. Kidato cha Pili B. Tarehe ya kuzaliwa haikuwa na shida. Hiyo angalau ni ya wote.

Mama akanishika mabega. Nisikanyage hospitali hata kwa bahati mbaya, mtu akiona sura mbili tumekwisha. Nivae sare ya Nasra niende shuleni kwao, kwa sababu mtaa mzima unajua tuko wawili — mmoja anaumwa, mmoja anasoma. Na nisimwambie mtu. "Wakijua, mimi jela. Na baba yenu wanamfukuza kazi. Mtakula nini?"

Bajaji ikaja. Mama Thobias akasaidia kumbeba. Akauliza, huyu ni yupi?

"Shadia," Mama akasema. Hata mate hakumeza.

"Pole mwanangu Shadia."

"Ahsante," Nasra akaitika.

Bajaji ikaondoka. Nikaanza kuokota madaftari yangu kitandani, nikakumbuka kwamba si ya kutumia kesho.

Alhamisi, 17 Julai

Kapasuliwa jana jioni. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka chenyewe, usaha umeenea ndani. Mama kapiga kwenye simu ya Mama Thobias. Kasema Shadia katoka salama. Nikasema alhamdulillahi. Ajabu kujiombea mwenyewe shukrani.

Nimeenda shule ya Nasra. Soli ya kiatu chake imeachia mbele, changarawe zinaingia, unafika kidole kinawaka. Hajawahi kusema! Viatu vyangu vipya viko chini ya kitanda, na siwezi kuvivaa maana Nasra hana viatu kama vile.

Darasa limejaa mpaka madirishani. Nikasimama mlangoni sijui anakaa wapi. Msichana mmoja akanivuta mkono, kaa. Anaitwa Jesca, jina nimeliona kwenye daftari lake. Mwalimu alipogeukia ubao akaninong'oneza.

"Nasra yuko wapi?"

"Si mimi hapa."

"Acha. Nasra akikaa lazima anikanyage kwanza. Yuko wapi?"

Nikashindwa kujizuia. Nimelia kimya kimya, kichwa kwenye dawati. Jesca hakuniuliza tena. Mapumziko akatoa muhogo wa kuchemsha, akaukata katikati, akanipa nusu, kama mtu anayefanya kazi yake ya kila siku. Nikaelewa. Nasra akirudi nyumbani huwa anasema kala shuleni, ameshiba, sisi tule. Nusu muhogo!

Saa ya nne mwalimu wa zamu aliwaita watoro. Nasra alikosa siku tatu. Nimekula fimbo zake. Kalamu siishiki vizuri.

Ijumaa, 18 Julai

Homa haijashuka. Kitanda kikubwa.

Jumamosi, 19 Julai

Balaa! Kumbe kadi ikitumika Baba anapata meseji kwenye simu. Hatukujua.

Mama kaja mchana kupika na kuoga, kanihadithia huku ananong'ona. Jana saa ya kuona wagonjwa Baba katokea wodini na nguo za kiwandani, kofia mkononi, anawauliza manesi Shadia wangu yuko wapi. Mama akajua ndiyo basi.

Baba akapiga magoti pale sakafuni. Akamshika Nasra mashavu. "Mama yangu, mbona hamkuniambia?" Ndivyo anavyoniita, mama yangu, kwa sababu nina jina la mama yake. Nasra akamtazama tu. Baba akalia mbele ya wagonjwa na ndugu zao, hakujali. Akatoka akarudi na juisi, zabibu, maziwa ya kopo na kitenge kipya cha kumfunika. Akakaa mpaka mlinzi alipomtoa.

Nikamuuliza Mama, hakujua? Hata kidogo?

"Hata kidogo."

Huyu ndiye alikuwa anatujua kwa kikohozi tu, taa zimezimika! Alikuwa anasema huyo Nasra, mleteeni maji.

Nikauliza, alimuulizia Nasra?

Mama akaendelea kuosha bakuli ambalo lilishatakata.

Sikuuliza tena. Nimempa uji apeleke, nimeutia limau kama anavyopenda Nasra. Halafu nikakumbuka Baba atakuwepo, na mimi limau silitaki kabisa. Nikamwaga. Nimepika mwingine. Hata uji!

Jumapili, 20 Julai

Nimeongea naye! Mama kapiga, Mama Thobias kanipa simu. Ila akasimama pale pale, mkono kiunoni, anasikiliza kwa huruma zake.

"Shadia, unaendeleaje?" nikasema. Nimemwita dada yangu kwa jina langu.

"Nipo, Nasra." Sauti nyembamba, kama inatoka shimoni. "Umeenda shule?"

"Nimeenda. Jesca anasema... anamsalimu Shadia. Anasema mguu wake umemkumbuka."

Akacheka kidogo, akaumia, nikasikia anavuta pumzi. Halafu akasema Baba anakuja kila siku. Anamlisha kwa kijiko, anamfuta mdomo. Anamkumbusha utani wao, yaani utani wetu, wa yule jogoo wa Kihonda aliyemfukuza Baba mpaka chooni.

"Sijui pa kucheka," Nasra akasema. "Namsubiri acheke yeye kwanza."

"Anakupenda," nikasema. Sijui nilitaka kusema nini.

"Anampenda Shadia."

Mama Thobias akanitolea ishara, salio. Nikamwambia Nasra pumzika sasa.

"Subiri. Nikifa humu, wataandika nani kafa?"

Ningejibu vipi, mtu kanikodolea macho? Nikasema haya, usiku mwema, na ilikuwa saa saba mchana. Nimekata. Nimekata mimi, si salio.

Mama Thobias akauliza kasema nini mgonjwa. Nikasema anawasalimu.

Jumanne, 22 Julai

Wamemrudisha chumba cha upasuaji. Usaha umejikusanya tena. Ilihitajika damu, Baba katoa. Mama anasema alijitokeza mwenyewe kabla hata hajaombwa, akakunja shati, akawaambia chukueni yote.

Mjomba Mwinshehe kashuka kutoka Mkuyuni na hela ya mbuzi kwenye mfuko wa kanzu. Kafikia hapa nyumbani. Nilimwamkia, akanishika kichwa, akasema marahaba Shadia. Nilitaka kumkumbatia. Wiki nzima sijasikia jina langu likiniita mimi.

Mama alikuwa amekuja kubadilisha nguo, akamweleza yote. Mjomba akamwambia Semeni, mwambie mwenzako ukweli. Huyu ni baba, anatoa damu yake, atatoa na kadi kwa hiari.

"Na kazi yake je? Na bima wakisema nirudishe gharama zote?"

"Tutajua huko mbele."

"Kaka, wewe hukumsikia kwenye simu. Mimi nilimsikia." Mama alikuwa anafunga kilemba, akakosea, akafungua, akaanza upya. "Akijua, ataondoa kadi au ataondoa mapenzi. Sijui lipi litamuua mwanangu upesi."

Mjomba akaangalia chini. Baadaye, Mama keshaondoka, akaniambia, mwanangu, tulikaa tukagawa watoto kama watu wanaogawa shamba. Na hata shamba mtu huulizwa mto unapita wapi. Akaiweka hela ya mbuzi mezani. Sasa haina kazi.

Alhamisi, 24 Julai

Lazima niandike haraka. Baba kaenda kujaza mafuta pale barabarani, kasema akirudi anikute nimevaa.

Leo sikwenda shule, Mama alinituma nisage karanga za uji. Niko uani na jiwe la kusagia, nasikia pikipiki. Nikajua kabla sijainua kichwa. Hakuna pa kukimbilia.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, Nasra."

Kanipita. Kaingia ndani moja kwa moja, macho mekundu, ndevu hajanyoa. Akasema nitoe nguo za Shadia, anahamishiwa Dar, gari la wagonjwa linaondoka leo hii. Mama yuko na madaktari, simu yake haina chaji. Nikafungua sanduku. Nikaanza kukunja nguo zangu mwenyewe. Akachomoa gauni la njano, akasema hili, hili analipenda. Ni kweli nalipenda. Alininunulia yeye.

Halafu akakaa kitandani, upande anaolala Nasra. Akalishika lile gauni kama mtoto mchanga.

"Homa imempanda kichwani," akasema. "Tangu asubuhi anajiita mwenyewe. Shadia, Shadia, Shadia. Namwambia Shadia si ndiye wewe, mama yangu, upo hapa, baba yako yupo hapa. Hanitazami. Anaangalia mlangoni, anaita."

Nilishika ukingo wa sanduku. Kifuniko kikanibana kidole, sikusikia.

Ananiita mimi. Tangu asubuhi! Na mimi nasaga karanga.

Baba akaanza kulia. Hajifichi. "Mwenzako akiondoka, mimi nabaki na nani? Niambie, Nasra. Nabaki na nani?"

Aliniuliza huku ananitazama usoni. Nilikuwa karibu naye, ningenyoosha mkono ningemshika. Nilisubiri. Nilifikiri atasikia alichokisema. Hata angekuwa anaongea na Nasra kweli, angesikia.

"Sijui, Baba," nikasema.

Hivi ndivyo alivyokuwa anaishi mwenzangu. Anasimama mbele ya mtu, na mtu anamuuliza nabaki na nani.

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akasema vaa, twende ukamuage dada yako. Mama yako kakukataza kuja, sijui kwa sababu gani, lakini pacha haachwi nyumbani mwenzake akiwa hivi. Nikasema Mama ataniua. Akasema nitaongea naye mimi.

Sasa sijui. Nikienda, manesi wataona sura mbili kitanda kimoja. Watauliza. Safari ya Dar itasimama, Mama atashikwa pale pale na kanga yake begani. Nisipokwenda, Nasra ataingizwa kwenye gari anaangalia mlango. Na nikimwambia Baba hapa hapa, kabla hatujatoka? Nikimwambia Shadia ni mimi, mzima, nasaga karanga? Najua atashukuru Mungu kwanza. Ninachoogopa ni cha pili atakachofanya.

Mjomba hayupo, kaenda sokoni kumshikia Mama biashara. Mama Thobias yuko kazini. Hakuna wa kumuuliza.

Pikipiki imerudi. Anapiga honi.

"Nasra!"

Nimefunga mfuko wa nguo. Nimejitanda mtandio mpaka puani, sijui kama utasaidia.

"Nasra! Wewe Nasra! Mwanangu, fanya haraka!"

Tangu atoke hapa nyumbani sijamsikia akiliita jina hilo kwa nguvu namna hii, majirani wote wanasikia. Laiti mwenyewe angekuwepo asikie. Naenda, na sijaitika bado —